Mapitio ya mchezo wa kadi wa pai: maneno ya kubuni, kicheko na namba isiyokoma

Kisanduku cha mchezo huu hakina jina juu yake isipokuwa alama ya π (pai, uwiano wa mzingo wa duara na kipenyo chake) iliyochapwa kwa wino mweusi, na anayekifungua hukuta utepe mrefu wa karatasi uliokunjwakunjwa, mafungu mawili ya kadi, penseli fupi na kijitabu chembamba cha maneno ya kubuni. Unauzwa kama mchezo wa kuchekesha kwa watu wazima na vijana, wapende hesabu wasipende. Nimeucheza pamoja na watu wa makundi yote mawili, na hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji mwenye haraka asisumbuke: unachekesha sana pale tarakimu za pai zinapombana mchezaji hadi akakosa pa kutokea, na unapooza kabisa pale pai inapotajwa tu kama pambo.

Utepe una tarakimu 1,000 za kwanza za desimali za pai, zilizopangwa hamsini hamsini kwa mstari. Wachezaji hutunga sentensi kwa pamoja, kila mmoja akichangia neno moja kwa zamu yake, kwa sharti kwamba idadi ya herufi za neno lake ilingane na tarakimu iliyofikiwa: neno la kwanza liwe na herufi tatu, la pili moja, la tatu nne, la nne moja, la tano tano, na kuendelea hivyo hivyo. Sifuri, ambayo katika pai haijitokezi hadi desimali ya 32, huhesabiwa kuwa neno la herufi kumi. Mtindo wenyewe si mpya. Kwa Kiingereza umetumika kwa miaka mingi kama njia ya kukariri tarakimu, na mwaka 1996 ilitoka hadithi nzima iliyofuata zaidi ya tarakimu 3,800. Jambo jipya ni kuugeuza kuwa mchezo wa mezani, wenye zamu, adhabu na alama za ushindi.

Kijitabu cha kanuni kinatangaza, bila hata dalili ya utani, kwamba mchezo huisha pale tarakimu za pai zinapoisha. Kwa kuwa mwanahisabati Johann Lambert alikwisha kuthibitisha mwaka 1761 kwamba pai haiwezi kuandikwa kama sehemu ya namba nzima mbili, na kwamba kwa hiyo desimali zake haziishi wala hazijirudii kwa mpangilio, kanuni hiyo ni kichekesho bora kuliko vingi vilivyoandikwa kwenye kadi zenyewe.

Tatizo la kwanza la mchezaji wa Kiswahili hutokea kwenye neno la pili. Maneno yetu ya herufi moja ni machache mno, na baada ya mizunguko michache kila mtu huwa amekwisha kuyajua: kuna "u" na "i" za "u mzima?" na "njia i wapi?", kuna "e" ya kuitia, na baada ya hapo watu huanza kuvumbua mishangao ambayo haijapata kutamkwa na mwanadamu. Ukata huu, badala ya kuuharibu mchezo, ndio unaoupa uhai. Sentensi iliyonifurahisha kuliko zote mezani petu ilikuwa hii: "Leo, e mama, u mzima? Tunakuona na furaha usoni, ila macho yanasema umelemewa." Ukizihesabu herufi za kila neno utapata 3, 1, 4, 1, 5, 9, 2, 6, 5, 3, 5, 8, 9, yaani pai hadi desimali ya 12, na bado mtu anaweza kumwambia mamaye maneno hayo asishangae kitu. Aliyechangia "umelemewa" alikuwa amekaa kimya muda mrefu, akihesabu kwa vidole chini ya meza, na alipolitamka neno lile kila mmoja alicheka kwa sababu sentensi iliyoanza kama salamu ya mzaha ilikuwa imegeuka kuwa jambo la kweli.

Upande wa pili wa mizani hiyo ni tarakimu 9. Lugha inayobandika nafsi, wakati, mtendwa na mnyambuliko kwenye kitenzi kimoja haiwezi kuogopa maneno marefu, na mchezaji anayeangukiwa na tisa hupumua kwa faraja. Ndiyo maana sehemu ya utepe ambayo wapenzi wa pai huiita kwa jina la mwanafizikia Feynman, pale ambapo tarakimu 9 hujipanga mara sita mfululizo kuanzia desimali ya 762, haikututisha hata kidogo. Kanuni zinaruhusu kuruka moja kwa moja hadi hapo kama changamoto ya pekee, na jibu letu lilikuwa: "Wanafunzi waliofika wakicheka wamesahau madaftari yasiyojaa nyumbani." Maneno sita ya herufi tisa, kisha "nyumbani" yenye nane, kwa kuwa tarakimu inayofuata zile tisa ni 8. Madaftari yasiyojaa hayapatikani popote duniani, lakini kwa mtu anayenakili pai ndiyo hasa anayoyahitaji.

Hapa ndipo kasoro kubwa ya mchezo inapoanza kuonekana. Watengenezaji wamechukua hesabu ya herufi kama ilivyo kwenye michezo ya Kiingereza, ilhali mshairi yeyote wa Kiswahili anayesikia habari ya kupanga maneno kwa idadi angefikiria mizani, yaani idadi ya silabi, kabla ya kufikiria herufi. Kuhesabu herufi kunamlazimu mchezaji aandike au atumie vidole, na wakati huo wote meza nzima inasubiri. Zaidi ya hayo, kijitabu hakisemi lolote kuhusu mambo ambayo kila kundi litayagombania: je, "ch" ni herufi mbili au moja? Je, alama ya ritifaa katika "ng'ombe" inahesabiwa? Tuligombana kuhusu ng'ombe huyo kwa muda ambao ungetosha kumaliza mzunguko mzima, na mwishowe mwenye sauti kubwa ndiye aliyeshinda, jambo ambalo si la haki katika mchezo unaojivunia hisabati.

Tulipoacha herufi na kuhesabu mizani, mchezo ulibadilika sura. Silabi husikika papo hapo, hazihitaji penseli, na tarakimu 1 inayotesa kwenye herufi inageuka kuwa nyepesi kwa sababu "na", "ni", "si", "je", "la" na "tu" zote ni za mizani moja. Mzigo sasa unahamia kwenye tisa, kwa kuwa neno moja la mizani tisa linataka mnyambuliko wa kweli kweli. Sentensi iliyozaliwa kwa utaratibu huo ni hii: "Rafiki, je, umechoka? La, ninahesabu, nitakapozimalizia zote, nitakuarifu, usisubiri." Mizani za maneno hayo ni 3, 1, 4, 1, 5, 9, 2, 6, 5, na kichekesho chake kimo ndani ya namba yenyewe, kwa sababu anayeahidi kuzimalizia zote hatamwarifu rafiki yake milele. Ninaona hiki ndicho kiwango ambacho mchezo wote ungepaswa kukilenga: sentensi inayotii tarakimu za pai na wakati huohuo kusema jambo kuhusu pai, bila ya kuitaja pai hata mara moja.

Inafaa kukumbuka kwamba silabi si wazo geni katika ulimwengu wa pai. Mjapani Akira Haraguchi, aliyetaja tarakimu 100,000 kwa kichwa mwaka 2006, alifanya hivyo kwa kuzipa tarakimu sauti za lugha yake na kuziunganisha kuwa hadithi. Kwa Kiingereza nako upo utungo mfupi wa mishororo ambayo silabi zake hufuata tarakimu za pai, na kijitabu kinautaja kwa mstari mmoja tu kisha kinaupita, kana kwamba wasomaji wake hawajawahi kusikia habari za mizani. Kama toleo jingine litatengenezwa, ningependa kuona adhabu ya neno linalokosea hesabu ikiitwa guni, kama shairi lililokosea mizani au vina, kwa kuwa jina hilo tayari linajulikana na kila aliyesoma ushairi, badala ya "kosa la tarakimu" linalosomeka sasa kwenye kadi nyekundu.

Fungu la pili la kadi ni la maneno ya kubuni. Mchezaji huokota kadi yenye fasili, hubuni neno linalofaa, kisha wenzake hupiga kura. Kijitabu nacho kinatoa maneno ya mfano, na hapo ndipo ubora na udhaifu wa watungaji unapojitokeza bila kificho. Maneno yao dhaifu yameundwa kwa kubandika "pai" mbele ya chochote kilichokuwa karibu: paikolojia, paitaalamu, paishara. Hayachekeshi, na sababu yake ni rahisi kuieleza, kwani ukiondoa pai ukaweka namba nyingine yoyote hakuna kitakachoharibika. Maneno yao mazuri ni yale ambayo maneno mawili yanakutana kwenye sauti inayomilikiwa na yote mawili. "Tarakimbizi" ni tarakimu iliyotoroka kumbukumbu ya mkariri katikati ya safari, na tarakimu na mkimbizi wanashikana mikono kwenye "kim" bila kulazimishwa. "Desimawazo" ni mawazo yanayoendelea baada ya nukta pasipo mwisho, hasa usiku. "Mzingombwe" ni jibu la mzingo wa duara linalopendeza kwa nje lakini ndani yake ni ombwe tupu, kama lile la mtu aliyezidisha kipenyo kwa tatu akaridhika. "Paimoja" ni hali ya watu wawili kutaja tarakimu kwa sauti moja huku kila mmoja akimsikilizia mwenzake kwa siri kwa kuwa hana hakika na inayofuata.

Neno bora kuliko yote, kwa maoni yangu, ni "nuktasita". Kijitabu kinalifasili kuwa kusimama ghafla kunakompata mkariri anapofika kwenye zile tisa sita, asijue kama ameshataja nne, tano au zote. Uzuri wake uko kwenye "sita", ambayo ni idadi ya hizo tisa na pia ndiyo kitendo cha kuduwaa. Neno kama hili haliwezi kutafsiriwa kutoka popote, na lilitosha kunishawishi kwamba angalau mtungaji mmoja wa mchezo huu anafikiri kwa Kiswahili.

Hata hivyo, kijitabu hakikutaja ngeli za maneno yake, na hilo ni pengo ambalo mwalimu yeyote wa lugha angeliona mara moja. Je, tarakimbizi "zangu zimetoroka" kwa kufuata tarakimu, au tarakimbizi "wangu wametoroka" kwa kufuata wakimbizi? Mezani petu kundi lilipasuka vipande viwili. Waliotetea "wametoroka" walidai kwamba kitu kinachoweza kukimbia kwa makusudi kinastahili kupewa uhai, na hoja yao ilinivutia, maana yeyote aliyejaribu kukariri pai anajua kwamba tarakimu zake zina nia mbaya. Kutoka kwenye ubishi huo zilizaliwa "kupaika", yaani kupotea katikati ya tarakimu bila kosa la mtu yeyote, na "kupaishana", ambako ni kila mmoja kumsukuma mwenzake aende desimali moja zaidi hadi wote waanguke. Mnyambuliko ni hazina ambayo watungaji wameigusa kidogo mno.

Kadi za matukio ni chache, lakini mbili kati yake zimetungwa kwa ustadi. Ya kwanza inaitwa "Mswada", na anayeiokota anaruhusiwa kuitendea pai kama 3.2 kwa mzunguko mmoja, yaani sentensi yake iwe na maneno mawili tu, kisha apewe alama kamili. Chanzo chake ni kisa cha kweli cha mwaka 1897, ambapo Baraza la Wawakilishi la jimbo la Indiana, Marekani, lilipitisha kwa kura 67 bila kupingwa mswada uliotokana na madai ya daktari Edward Goodwin kwamba amegundua jinsi ya kuugeuza mduara kuwa mraba wenye eneo lilelile, na miongoni mwa thamani za pai zilizotokana na mswada huo ilikuwamo 3.2. Miaka 15 kabla yake, mwanahisabati Ferdinand von Lindemann alikuwa ameshathibitisha kwamba kazi hiyo haiwezekani kwa rula na bikari. Seneti iliuahirisha mswada bila kikomo baada ya C. A. Waldo, profesa wa hisabati aliyekuwapo kwa shughuli nyingine, kuwafafanulia maseneta. Kwenye mchezo, mwenzako akishika kadi ya "Profesa" anaweza kuufuta ushindi wako papo hapo, na sijaona kadi yoyote inayozua makelele kama hiyo.

Ya pili inaitwa "Shanks". Mwingereza William Shanks alichapisha tarakimu 707 za pai mwaka 1873 baada ya kazi ndefu ya mkono, na haikugundulika hadi miaka ya 1940 kwamba alikosea kwenye desimali ya 528, na kwa hiyo zote zilizofuata zilikuwa batili. Mwenye kadi hii anaruhusiwa kuingiza kwa makusudi neno lenye idadi isiyo sahihi. Asipogunduliwa, kila neno linalotungwa baada yake na wachezaji wengine linampa yeye alama. Ni kadi ya kikatili na ya haki kwa wakati mmoja, na huwafanya watu waanze kuhesabu hata herufi za sentensi ambazo hazimo mchezoni.

Kadi za maswali na mafumbo nazipitia haraka. Kuna kundi lililotafsiriwa ambalo vichekesho vyake vyote vinategemea kwamba kwa Kiingereza jina la herufi hii ya Kigiriki hutamkwa sawa na jina la andazi la kujazwa matunda, na kwa Kiswahili haviamshi hata tabasamu. Lingekuwa jambo jepesi kuweka badala yake mchezo wa kuwinda "pai" iliyojificha ndani ya maneno yetu wenyewe, kama vile papai, kipaimara na kupaisha. Kundi la habari ni zuri zaidi. Kadi moja inasimulia kwamba mwaka 2019, tarehe 14 Machi, Google ilitangaza kukokotolewa kwa tarakimu 31,415,926,535,897 za pai, idadi ambayo ni pai yenyewe. Nyingine inaeleza jinsi mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth anavyoipa TeX, programu yake ya kupanga maandishi, namba za matoleo zinazoikaribia pai kwa kuongeza tarakimu moja kila mara, na sasa imefikia 3.141592653. Hivyo ndivyo ninavyopenda utani wa hisabati ufanywe, kwa kutendwa badala ya kuelezwa.

Kadi kuhusu siku ya pai inastahili sifa kwa sababu haikuishia kwenye 14 Machi, siku iliyoanza kuadhimishwa mwaka 1988 kwa juhudi za Larry Shaw wa jumba la sayansi la Exploratorium mjini San Francisco, na ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2019 kuwa Siku ya Kimataifa ya Hisabati. Inaeleza kwamba tarehe hiyo inaleta 3.14 kwa anayetanguliza mwezi tu, na kwamba anayetanguliza siku ana 22 Julai, yaani 22/7. Kisha inauliza ni ipi kati ya hizo mbili iliyo karibu zaidi na pai. Karibu kila mtu hujibu 3.14, na karibu kila mtu hukosea, kwa kuwa 22/7 inaizidi pai kwa takriban 0.00126 ilhali 3.14 inapungua kwa takriban 0.00159.

Kuhusu utengenezaji, kadi ni ngumu na hazipindiki, lakini utepe ni karatasi nyepesi, na mojawapo ya mikunjo yake imeangukia juu ya mstari wa kumi na sita, ambao ndio wenye zile tisa sita. Baada ya kukunjwa na kukunjuliwa mara kadhaa wino umeanza kuchubuka hapo, na mchezaji mgeni anaweza kudhani ziko tano. Kitambaa kingefaa zaidi. Penseli haina kifutio, na sijui kama ni uzembe au ni utani wa makusudi kwa heshima ya Shanks.

Idadi iliyopendekezwa ni wachezaji wawili hadi wanane, ingawa wakizidi watano anayesubiri zamu huchoka iwapo mnahesabu herufi. Kwa mizani hata wanane wanakwenda vizuri. Kwa watoto ambao hawajaanza kusoma habari za duara ningetoa kadi za matukio na kubakiza kutunga sentensi peke yake. Kadi tupu za kuandikia maneno mapya ndizo zinazokwisha mapema kuliko kitu kingine chochote kisandukuni, na kwa kuwa kijitabu hakielezi pa kupata nyingine, sisi tumeanza kuandika nyuma ya zile za andazi.